Kondoo Aliyevuliwa Hereni Kabla ya Kwenda kwa Wakwe

Tuliosafiri siku ile ni hawa, na ninawataja wote kwa sababu mtu asiyetajwa hukasirika. Nilikuwepo mimi Wairimu, nyanya ya bwana harusi. Alikuwepo Mwangi, mwanangu wa kwanza, aliyeendesha pikapu. Alikuwepo Kimani, mtoto wa Mwangi, ambaye ndiye anataka kuoa. Huyo amepewa jina la marehemu mume wangu, kwa hivyo mimi humwita mume wangu, na watu wasiotujua hutuangalia vibaya. Alikuwepo Karanja, mdogo wa marehemu, msemaji wetu. Na Zainabu, jirani yangu hapa mtaa wa Landless, Thika, tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Baba yake alitoka Tabora, mama yake alikuwa Mkamba, na yeye ndiye aliyetupatia kondoo. Ukiongeza kondoo mwenyewe na mbuzi, tulikuwa saba.

Njeri, mama ya Kimani, alitangulia na akina mama wa kanisa kwa gari lingine. Yaliyotupata Juja hakuyaona, ingawa siku hizi huyasimulia vizuri kutuliko.

Sasa niseme kwa nini tulitoka. Kwetu msichana hachumbiwi kwa mdomo mtupu. Unapeleka kwanza mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike, wote wawili hawajazaa, wote wawili wazima. Wakishapokewa, basi msichana ana watu, na maneno mengine yanaweza kuanza. Wasipopokewa, unakunja mkeka wako unarudi kwenu.

Tulikuwa tumeshaenda mara moja. Wakati huo ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia upande wetu wa Thika na serikali ilikuwa imefunga kila kitu. Mnyama hatoki, mnyama haingii, soko la mbuzi limefungwa, mpaka bucha limefungwa. Mwangi akasema haidhuru, tutawapiga picha. Tukaenda Gitothua, huko Ruiru, tukiwa tumevaa vizuri, na mbuzi na kondoo wakiwa ndani ya simu.

Nyanya ya msichana anaitwa Gathoni. Msichana mwenyewe ni Nyambura, na huyo Gathoni ndiye aliyemlea, mama yake alikufa mapema. Gathoni alichukua simu, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akauliza, "Huyu mbuzi anakula nini humu ndani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Sikumlea Nyambura kwa picha," akasema. "Mrudi siku wanyama wenu watakapokuwa na miguu."

Jioni ile Kimani hakula. Alikaa jikoni kwangu akiangalia moto.

"Cucu," akaniambia, maana ndivyo tunavyomwita nyanya, "cucu wake amesema hapana mara moja. Akisema ya pili, hakuna ya tatu. Nyambura hawezi kumpita."

"Hatasema ya pili, mume wangu," nikamwambia. Lakini sikuwa na hakika.

Baada ya wiki kadhaa watu wa mifugo wakaja Landless kuchanja. Tulipanga mstari kwenye kiwanja, watu na mbuzi na kondoo na ng'ombe wa Mama Wambui, na kelele kama siku ya kura. Daktari alikuwa msichana mwembamba mwenye gambuti kubwa za mpira, jina lake Muthoni. Karanja alisimama kando akihubiri.

"Hiyo dawa inafanya mnyama asijambe," akatangaza. "Na mnyama asiyejamba, siku moja atapasuka. Mtaniambia."

Daktari Muthoni hakuinua kichwa. "Mzee, nikudunge pia wewe tuone?"

Kiwanja kizima kikacheka.

Sindano haikunisumbua. Kilichonisumbua ni hereni. Kila mnyama aliyechanjwa alitobolewa sikio na kuvishwa hereni ya plastiki ya manjano yenye nambari. Nikamwambia, "Daktari, hawa wawili wangu wanaenda kwa wakwe. Usiwatoboe."

"Cucu, bila hereni hawatoki Landless."

Ninyi vijana hamjui, kwa hivyo nieleze. Zamani kila boma lilikata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake, wakipotea wajulikane. Sikio lenye alama ni kusema huyu ana mwenyewe. Sasa ukipelekea wakwe mnyama mwenye alama, ni kama umewapa kitu cha mtu mwingine. Wengi wamesahau mambo haya. Gathoni si mtu wa kusahau.

Tuliambiwa tungoje wiki mbili dawa ishike. Zilipokwisha, na upande wetu ukafunguliwa kidogo, Daktari Muthoni akaja kuwaangalia wanyama na kutuandikia kibali: mbuzi mmoja na kondoo mmoja, nambari zao hizi hapa, kutoka Thika mpaka Gitothua, na wawe wamefika kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Siku ya safari niliamka kabla ya wote. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa kwenye zizi na koleo ya marehemu mkononi. Ndiyo, mimi. Kondoo ni mnyama mpole, nilimshika kichwa nikaikata ile hereni, na sikio likapasuka kidogo pembeni. Nililipaka mafuta ya mgando. Nikamgeukia mbuzi, akanipiga teke la paja, nikaona huyo aende vile alivyo. Hereni nikaifunga kwenye pembe ya leso yangu. Nilijiambia kwamba kibali tunacho, na karatasi yenye muhuri inatosha.

Saa mbili asubuhi tukatoka Landless. Kimani alikaa nyuma na wanyama, amevaa suti ya kijivu, ameweka gunia magotini, na kondoo ameweka kichwa juu ya gunia. Bodaboda waliokuwa barabarani walimpigia honi.

"Bwana harusi, hongera! Bibi ni mrembo!"

Zainabu alicheka mpaka akashika tumbo. "Wairimu, umesikia mke mwenzako anavyosifiwa?"

Tulipita mjini, tukaingia barabara kuu. Mananasi ya upande ule yalikuwa yamepangwa kama watoto wa shule. Hewa ilikuwa nzuri. Karanja alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba yake, na kila alipofika mahali pa methali alisahau nusu ya pili, na Zainabu akawa anammalizia kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiimba polepole. Nilifurahi, nisidanganye.

Karibu na Juja tukakuta kizuizi. Kulikuwa na askari wawili, na watu wa mifugo waliovaa ovaroli, na magunia yaliyoloweshwa dawa yametandazwa chini. Magurudumu ya pikapu yalipuliziwa dawa. Kwato za wanyama zikapuliziwa. Sisi tukaambiwa tushuke tukanyage magunia, mguu mmoja mmoja, kama tunaingia ibada.

"Hina yangu ya juzi!" Zainabu akalia, kwa kuwa alikuwa na ndala.

"Mama, heri hina ipotee kuliko ng'ombe," askari mmoja akamwambia. Alikuwa kijana mrefu, kwa jina Barasa. Alichukua kibali, akasoma, akaenda nyuma ya pikapu. Akaangalia sikio la mbuzi, akatikisa kichwa kwamba sawa. Akaangalia sikio la kondoo. Akaangalia la pili. Akarudi kwenye la kwanza.

"Hii kondoo hereni yake iko wapi?"

Mwangi akaja mbio. "Ilikuwa hapo jana! Kimani, ilikuwa hapo ama haikuwa?"

"Ilikuwa, baba."

Karanja akakohoa, akasogea mbele kama msemaji. "Afande, ukweli ni kwamba imeliwa na huyu mbuzi."

"Mbuzi amekula hereni ya plastiki?"

"Mbuzi hula kila kitu. Hata wewe umezaliwa nyumbani kwenye mbuzi, unajua."

"Na baada ya kula akampaka kondoo mafuta kwa sikio?" Barasa akauliza, akituonyesha kidole chake kinachong'aa.

Hapo Karanja akarudi nyuma yangu. Barasa akatwambia kondoo asiye na alama haendi mbele. Atashushwa pale, awekwe na wengine waliozuiliwa, na sisi turudi Thika na mbuzi. Nikamwona Kimani ameinamisha kichwa, ameshika kamba ya kondoo kwa mikono miwili. Simu ya Mwangi ikalia. Alikuwa Njeri.

"Mko wapi? Tuko hapa nje ya lango lao. Tumeimba nyimbo zote tunazojua, sasa tumeanza kurudia!"

Nikafungua fundo la leso.

"Ni mimi," nikasema. "Niliitoa kwa koleo."

Mwangi akageuka akaniangalia. Sijawahi kumwona mwanangu akiniangalia vile tangu azaliwe.

"Shosho," Barasa akaniita, vile vijana wa mjini huita nyanya, akiwa ameshika hereni, "sasa nitajuaje kama hii ni yake? Mtu anaweza kuchukua hereni ya mnyama aliyechanjwa, akaniletea mwingine mgonjwa."

"Mimi? Mtu wa kanisa?"

"Sijasema ni wewe. Nasema kondoo hawezi kuniambia, mimi nilichanjwa." Akamgeukia Kimani. "Huko mnaenda kuna ng'ombe?"

"Baba ya msichana ana wanne. Wa maziwa."

"Basi," Barasa akasema.

Niwaambie kweli, lile neno moja lilinipiga kuliko teke la mbuzi. Baba ya Nyambura anaitwa Ndung'u. Ng'ombe wake ndio waliomsomesha Nyambura mpaka akawa mwalimu. Mimi nilikuwa nimefikiria masikio tu, masikio na Gathoni. Sikuwa nimefikiria ng'ombe hata mara moja. Kama kondoo yule angekuwa na ugonjwa, ningekuwa nimeupeleka mimi, nikiimba, mpaka ndani ya boma la watu.

"Mpigie daktari simu," nikamwambia Barasa. "Yule Muthoni. Aje amwangalie. Akisema huyu si yeye, mimi mwenyewe nitamshusha."

Daktari Muthoni alifika kwa bodaboda baada ya masaa matatu na zaidi, na gambuti zake zilezile. Hakunisalimu kwanza. Alipima joto la kondoo, akamfungua mdomo, akaangalia ulimi, akainua kila mguu akachungulia katikati ya kwato. Kisha akafungua daftari lake. Kumbe alikuwa ameandika kila mnyama alivyo: mweupe, kichwa cheusi, doa moja kwenye goti la kushoto. Akaliangalia goti.

"Ni yeye," akasema. "Na ni mzima."

Mwangi akashusha pumzi kama tairi.

Lile sikio lililopasuka halikuweza kushika tena, ikabidi atobolewe la pili, avishwe hereni mpya, na nambari irekebishwe kwenye kibali. Kondoo akalia mara moja tu. Daktari Muthoni akanigeukia.

"Cucu, sasa ana matundu mawili badala ya moja. Ukiivua hii, nitakuvisha wewe."

"Na nambari ya kuandika kwenye hereni yake nitamtajia mimi," Karanja akasema, amepata ulimi tena.

Saa saba na nusu tukafika Gitothua. Akina mama walikuwa wamekaa chini ya ukuta, wamevua viatu, sauti zimewakauka. Walipotuona wakasimama wakaanza upya, na ndani ya lango wanawake wa kwao wakajibu, vile inavyotakiwa.

"Ninyi ni nani mnaotupigia kelele?"

"Ni wageni wenye kiu!"

"Wageni wenye kiu hufika asubuhi!"

"Tulichelewa kwa kuosha miguu!"

Wakacheka, wakafungua. Na hapo langoni Ndung'u naye alikuwa ametandaza gunia lake la dawa. Zainabu akaliangalia, akaniangalia, akalikanyaga.

Wanyama wakasimamishwa nje ya lango, kamba mkononi mwa Kimani. Gathoni akatoka na fimbo yake. Ni mfupi kuniliko, lakini ukiwa mbele yake huoni hivyo. Alipitisha mkono mgongoni mwa mbuzi, akakubali. Akaangalia meno ya kondoo, akakubali. Kisha akashika masikio. Alishika hereni ya mbuzi akaiachilia. Akashika sikio la kondoo lenye hereni. Akashika lile lililopasuka. Wimbo ukaisha wenyewe.

"Masikio mawili, matundu mawili," akasema. "Huyu amekuwa wa watu wangapi?"

Karanja akaanza, "Mama, kama wahenga walivyosema..." na nusu ya pili ikampotea kama kawaida, na safari hii Zainabu hakuimaliza.

Nyambura alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alimwangalia Kimani, Kimani akaangalia viatu vyake. Nikajua nisiposema mimi, hakuna atakayesema.

"Gathoni," nikasema, "tundu moja ni la daktari. Lile lililopasuka ni langu. Nilitoa hereni kwa koleo asubuhi kwa sababu nilikuogopa. Tumezuiwa barabarani kwa ajili yangu, na ilikuwa haki tuzuiwe."

"Uliniogopa mimi?"

"Nani asiyekuogopa?"

Mtu mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa. Gathoni alibaki vilevile. "Alama ni alama, Mama Mwangi. Mimi sipokei mnyama wa serikali."

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilivua sweta mkono mmoja, nikapandisha mkono wa gauni mpaka begani, mbele ya watu wote, na umri huu. Nina kovu pale, la mviringo, la chanjo ya ndui.

"Hii nilitiwa na serikali," nikamwambia. "Nilikuwa mtoto, chifu alitupanga mstari sokoni. Nilipoolewa na marehemu Kimani, watu wake waliiona. Unafikiri walimwuliza baba yangu, mbona unatupa msichana wa serikali? Walijua hii si ya mwenye mali. Walijua ni ya ugonjwa usiingie."

Gathoni akanishika mkono, akausogeza karibu na jicho lake kama mtu anayesoma barua. Mkono wangu ukaanza kuchoka.

"Walikuchanja vibaya," akasema mwishowe. "Langu limekaa sawa."

Akapandisha mkono wa blauzi yake. Kovu lake lilikuwa dogo, safi, kama kifungo. Vijana wakasogea kuangalia. Nyambura akasogea pia. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameliona kovu lile maisha yake yote na hakuwahi kuuliza ni la nini.

"Siku hiyo mimi nilikimbilia kwenye mahindi," Gathoni akasema. "Mama akanikamata. Ndugu yangu Gichuru alikimbia kunishinda, hakukamatwa. Ndui ilimpata mvua zilizofuata. Aliishi, lakini jicho moja lilibaki huko."

Alisema hayo akimwangalia kondoo, si sisi. Kisha akamshika kondoo shingoni, akamkuna nyuma ya lile sikio lililopasuka, polepole.

"Ndung'u," akamwita mwanawe, "uliwatengenezea mahali?"

"Nimetengeneza, mama. Kando, mbali na ng'ombe. Watakaa huko wiki mbili kwanza."

"Basi wafungulie."

Vigelegele vilivyopigwa vilishtua kuku wa nyumba ya tatu. Njeri aliangusha kikapu. Kimani alisimama tu na kamba mkononi mpaka Ndung'u akaja akaichukua.

"Na bwana harusi, naye tumtenge?" Ndung'u akauliza.

"Huyo hana hereni," Gathoni akasema. "Huyo atarudi kwao jioni."

Tulikula irio za viazi vilivyopondwa na mbuzi wa kwao, tukanywa uji, Karanja akatoa hotuba yake yote na hakuna aliyeisikia. Saa kumi na moja tukaondoka. Nyambura alitusindikiza mpaka kwenye gari, akanishika mkono ule wenye kovu, akaushika tu.

Kurudi hakukuwa na mengi. Pikapu ilikuwa nyepesi, Kimani safari hii alikaa ndani, na suti yake ilinuka kondoo. Pale Juja kizuizi kilikuwa bado. Barasa alitutambua, akainama dirishani.

"Shosho, walipokewa?"

"Walipokewa."

"Na hereni?"

"Iko kwenye sikio."

Akatupungia twende. Tulipokaribia Thika Mwangi akapunguza mwendo. Ndipo akasema, "Mama, ile koleo ya baba nitaichukua nikae nayo mimi." Nikamwambia sawa.

Lakini mimi sikulala vizuri siku zile. Nilipopika niliona kwa mawazo ng'ombe wanne wa Ndung'u wakitokwa na mate ya ugonjwa ule. Wiki mbili zilipokwisha, Ndung'u akanipigia simu mwenyewe, asubuhi, nikiwa napepeta maharagwe. Akasema ng'ombe wote wanakula, maziwa hayajapungua, kondoo na mbuzi wametolewa kando na sasa wamechanganyika na wengine, na kondoo anamfuata Gathoni kila mahali mpaka mlangoni. Niliweka ungo chini nikakaa kitako palepale. Zainabu aliyekuwa ukutani akapiga kelele, "Wairimu, kuna nini?" Nikampungia mkono kwamba ni mema.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuzuia barabarani, uliza kwanza anamlinda nani, kabla ya kumwona adui. Na kitu ulichofanya kwa siri, kiseme mapema. Mimi nilikisema mara mbili siku moja, na mara ya pili kilikuwa chepesi zaidi.

Mimi niliishia darasa la tatu, na haya nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Majina nayaamini. Saa siziamini sana, kwa kuwa siku ile sikuwa na saa. Karanja anasema hakutaja mbuzi kula hereni, eti ni Mwangi. Zainabu anasema Barasa alikuwa mfupi. Kama ulikuwepo, Landless, Juja ama Gitothua, na unaona nimekosea, ama nimemwacha mtu, njoo uniambie nirekebishe. Nitakupikia chai, na kalamu ninayo.